Ken Loach: miaka 60 ya filamu za watu wa kipato cha chini

Wiki chache zilizopita, tukizungumza jioni kuhusu watu wanaozungushwa na ofisi za huduma, tulitaja filamu moja ya Uingereza iitwayo I, Daniel Blake. Tulisema jina la aliyeiongoza, Ken Loach, tukaendelea na mambo mengine. Meseji zilizokuja baadaye zilikuwa nyingi kuliko tulivyotegemea, na karibu zote ziliuliza jambo moja: huyo ni nani, na kwa nini Mzungu wa Uingereza atengeneze filamu kuhusu mtu anayezungushwa dirishani na fomu zake mkononi? Majibu yetu ni haya, kwa urefu ambao redio isingeturuhusu. Hatukuweka video humu, kwa hiyo ukurasa hautamaliza bando lako.

Ken Loach ni muongozaji filamu wa Uingereza ambaye tangu miaka ya 1960 amekuwa akisimulia maisha ya vibarua, wachimba makaa ya mawe, wapangaji, akina mama wasio na nyumba na vijana wasio na kazi. Ameshinda mara mbili Palme d'Or, yaani Jani la Mtende la Dhahabu, ambayo ndiyo tuzo kubwa kuliko zote katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Walioipata mara mbili duniani ni wachache mno.

Anaitwa muongozaji wa kujitegemea. Maana yake ni kwamba hatengenezi filamu chini ya zile kampuni kubwa za Hollywood zinazoamua nani aigize na hadithi iishe vipi. Fedha zake huchangwa kidogo kidogo, huku kituo cha televisheni, kule msambazaji wa Ufaransa au Hispania. Fedha hizo ni chache, lakini uamuzi wa mwisho unabaki kwake na kwa wenzake. Mwaka 2002 yeye na mtayarishaji wake Rebecca O'Brien walianzisha kampuni yao, Sixteen Films, na humo ndimo zilimotoka filamu zake zote za miaka ya karibuni.

Mtoto wa fundi umeme

Alizaliwa tarehe 17 Juni 1936 katika mji wa Nuneaton, katikati ya Uingereza, eneo la viwanda na migodi ya makaa. Baba yake alikuwa fundi umeme kiwandani. Kijana alifaulu mtihani wa kuingia sekondari ya wenye alama za juu, akatumikia jeshi la anga miaka miwili kama ilivyokuwa lazima kwa vijana wa wakati ule, kisha akaenda kusoma sheria Chuo Kikuu cha Oxford. Kwa familia ya namna yake hiyo ilikuwa ngazi ndefu, na wazazi walitarajia kumwona wakili.

Hakuwa wakili. Huko Oxford alijiunga na vikundi vya maigizo, na alipomaliza masomo akaenda kuigiza jukwaani. Kwa maneno yake mwenyewe hakuwa mwigizaji hodari. Akahamia upande wa kuongoza katika ukumbi wa maigizo wa mji wa Northampton, na mwaka 1963 shirika la utangazaji la BBC likamchukua kama mwanafunzi wa uongozaji. Alikuwa na bahati ya wakati. Televisheni ilikuwa inapanuka, vijana walihitajika haraka, na mtu angeweza kupewa kamera kabla wakubwa hawajamjua vizuri ana mawazo gani.

Filamu iliyotazamwa na robo ya nchi

Usiku wa tarehe 16 Novemba 1966 BBC ilirusha mchezo wa Loach uitwao Cathy Come Home. Mwandishi alikuwa Jeremy Sandford na mtayarishaji Tony Garnett. Watu wapatao milioni 12 waliutazama, karibu robo ya Waingereza wote wa wakati ule.

Hadithi ni nyepesi kuisimulia. Cathy ni binti aliyetoka kwao akaenda mjini, akampenda dereva aitwaye Reg, wakaoana, wakapanga nyumba nzuri. Reg anaumia kazini na kipato kinakatika. Wanahamia kwa mama mkwe, kisha nyumba mbovu, kisha kwenye gari la kukokota, kisha kwenye kambi ya wasio na makazi ambayo sheria zake haziruhusu waume kulala na wake zao. Kila hatua wanayoshuka unaweza kuielewa, na hakuna hata moja unayoweza kusema hapa ndipo walipokosea. Mwisho Cathy yuko kituo cha treni na watoto, na maofisa wa ustawi wa jamii wanakuja kuwachukua. Watoto waliotumika walikuwa wanawe wa kuzaa mwigizaji mwenyewe, Carol White, kwa hiyo kilio unachokisikia pale kina ukweli wake.

Kilichowashtua watazamaji ni kwamba mchezo ule haukufanana na mchezo. Wakati ule tamthilia za televisheni zilirekodiwa studio, katika vyumba vya mbao na kuta za kupaka rangi. Loach alitoka nje na kamera ndogo ya kushika mkononi, akaingia mitaani na kwenye nyumba halisi, akachanganya sauti za watu wa kweli wakieleza shida zao na takwimu za uhaba wa nyumba. Mtu aliyewasha televisheni katikati alidhani anatazama taarifa ya habari.

Hapa kuna jambo ambalo husimuliwa vibaya mara nyingi. Watu husema filamu ile ndiyo iliyozaa Shelter, shirika linalotetea wasio na makazi Uingereza. Shelter lilizinduliwa Desemba 1966, wiki chache tu baada ya filamu, lakini waanzilishi wake walikuwa wameshalipanga kabla. Ukweli ni kwamba lilizaliwa wakati nchi nzima imeshaumwa na hadithi ya Cathy, na michango ikapata njia. Mwaka uliofuata likaja shirika jingine la aina hiyo, Crisis. Sheria ya kuzitaka halmashauri kuwapa makazi wasio na nyumba ilipitishwa mwaka 1977, miaka 11 baadaye. Sisi tunaofanya kazi ya utangazaji tunaitazama hiyo 11 kwa makini. Kipindi kinaweza kuiamsha nchi kwa usiku mmoja, na bado fundi wa sheria akachukua muongo mzima.

Kijana na kipanga wake

Kama una nafasi ya kutazama filamu moja tu ya Loach, sisi tungekuambia utazame Kes, ya mwaka 1969.

Billy Casper ni mvulana wa mji wa Barnsley, kaskazini mwa Uingereza, mahali ambapo wanaume wote wanashuka mgodini. Baba hayupo. Kaka yake Jud anamwonea. Shuleni anachapwa. Siku moja anachukua kinda la ndege wa jamii ya kipanga kutoka kwenye kiota kilichoko kwenye ukuta mkuukuu, anaiba kitabu dukani ajifunze kumfuga, na anamfundisha kuruka na kurudi mkononi. Kijana ambaye shule imemwandika kuwa hafai kitu anakuwa bingwa wa jambo gumu ambalo hakuna mwalimu wake anayeliweza. Kuna sehemu ambapo mwalimu mmoja, mwema kuliko wengine, anamwomba asimame mbele ya darasa aeleze habari za ndege wake. Billy anaanza kwa kigugumizi, kisha maneno yanakuja, na darasa zima linanyamaza.

Mwigizaji, David Bradley, alikuwa mwanafunzi wa pale pale Barnsley. Wanafunzi wenzake ni wa pale pale. Mwalimu wa michezo aliigizwa na Brian Glover, mtu aliyekuwa mwalimu kweli na mpiga mieleka pia. Kipande chake cha mpira wa miguu kinachekesha hadi machozi: mwalimu mnene kavaa jezi nyekundu, anajiita Bobby Charlton wa Manchester United, ndiye nahodha, ndiye refa, anajipa penalti na kuwasukuma watoto. Kisha kicheko kinaganda. Timu yake ikishafungwa, anamfungia Billy bafuni chini ya maji ya baridi. Kila aliyewahi kusoma shule ya fimbo atamtambua mwalimu yule.

Wenye fedha waliogopa lafudhi. Watu wa Barnsley huzungumza Kiingereza chao kizito, na wasambazaji walisema hata Waingereza wenzao hawatawaelewa, sembuse Wamarekani. Baadhi ya sauti zilirekodiwa upya kwa ajili ya soko la nje. Loach hakutaka watoto wale wafundishwe kuzungumza kama watangazaji wa London. Jambo hili linatugusa. Tunajua jinsi msikilizaji anavyopiga simu studio akizungumza vizuri kwa lafudhi ya kwao, kisha akishajua yuko hewani anabadilika, anatafuta Kiswahili cha redio, na nusu ya alichotaka kusema inapotea njiani.

Mwisho wa Kes hatuusemi. Tutasema tu kwamba kuna fedha za kamari alizopewa Billy na kaka yake aende kuzitega kwenye mbio za farasi, na Billy akaamua kununua chakula. Mwaka 1999 Taasisi ya Filamu ya Uingereza iliipanga filamu hii ya saba kati ya filamu 100 bora za nchi hiyo katika karne ya 20.

Filamu ya Kenya iliyokaa kabatini

Wasikilizaji wetu wengi hawatakuwa wamesikia kwamba Loach alipita Afrika Mashariki. Mwaka 1969 shirika la misaada la Save the Children lilikuwa linatimiza miaka 50, na likamwajiri, kwa kushirikiana na kituo kimoja cha televisheni cha London, atengeneze filamu ya kuadhimisha. Akapiga picha Uingereza na Kenya.

Waliotegemea sifa walipata kitu kingine. Filamu iliuliza maswali juu ya misaada yenyewe. Ilionyesha upande wa Uingereza jinsi wafadhili walivyowazungumzia watoto wa maskini, kama watu wa kurekebishwa. Upande wa Kenya, nchi iliyokuwa na miaka michache tu tangu uhuru wa 1963, ilionyesha shule ya wavulana waliotolewa mitaani ambamo mambo yaliendeshwa kwa mtindo wa shule za mabwana wa Kiingereza. Hoja ya filamu ilikuwa kwamba sadaka haiondoi umaskini, na kwamba anayetoa hubaki juu na anayepokea hubaki chini.

Shirika likakasirika na kutaka filamu iharibiwe. Mambo yakafika kwa wanasheria. Mwishowe ikakubaliwa iwekwe katika hifadhi ya taifa ya filamu na isionyeshwe. Ikakaa humo miaka 40 hivi. Umma uliiona mara ya kwanza mwaka 2011 jijini London, kwa ridhaa ya Save the Children lenyewe, Loach akiwa na umri wa miaka 75.

Tumejadiliana studio kuhusu kisa hiki na hatukukubaliana. Mmoja wetu anaona Loach alivunja ahadi, kwani ukichukua fedha ya mtu kumwandalia sherehe huendi kumsema mbele ya wageni wake. Mwingine anaona ilikuwa bora filamu ile ionekane Kenya wakati ule ule, watoto waliopigwa picha wakiwa bado vijana, waseme wenyewe kama ni kweli au uongo. Katika hilo la pili tunakubaliana wote.

Miaka ya ukame

Mwaka 1971 familia yake ilipata ajali ya gari. Mtoto wao wa miaka mitano alifariki, na mkewe alijeruhiwa vibaya. Loach hupenda kulizungumza jambo hili kwa maneno machache sana, nasi tutaishia hapo.

Kazi nayo ilianza kumwendea mrama. Aliendelea na televisheni, akatengeneza Days of Hope mwaka 1975 kuhusu wafanyakazi wa Uingereza tangu Vita ya Kwanza ya Dunia hadi mgomo mkuu wa 1926, na The Price of Coal mwaka 1977 kuhusu kijiji cha wachimba makaa. Katika mchezo huu wa pili, sehemu ya kwanza ni vichekesho vya mgodi unaopakwa rangi kwa sababu mgeni wa kifalme anakuja, na sehemu ya pili ni ajali ndani ya mgodi huo huo. Mwaka huo huo wa 1977 aliitwa apokee nishani ya heshima ya kifalme, akakataa.

Miaka ya 1980, wakati wa serikali ya Margaret Thatcher, ndiyo iliyokuwa migumu kuliko yote. Aliona filamu za hadithi huchukua muda mrefu mno kutengenezwa huku viwanda vikifungwa kila wiki, akaamua kurekodi makala za ukweli. Vipindi vyake kuhusu viongozi wa vyama vya wafanyakazi, ambavyo Channel 4 ilikuwa imeviagiza, havikurushwa kabisa. Makala yake ya mwaka 1984 kuhusu nyimbo na mashairi ya wachimba makaa waliokuwa kwenye mgomo ilikataliwa na kipindi kilichoiagiza, ikaja kuonyeshwa na kituo kingine mwanzoni mwa 1985.

Kipato kikakatika. Akaanza kutengeneza matangazo ya biashara, likiwemo la McDonald's, jambo ambalo baadaye alikiri hadharani kuwa linamsuta hadi leo. Alikuwa na watoto wa kulisha. Tunalitaja kwa sababu wanaomsifu huruka sehemu hii, na ingekuwa ajabu kumsimulia mtu aliyeonyesha maisha yake yote jinsi shida inavyompinda mtu, kisha tukaficha kwamba yeye pia ilimpinda.

Kurudi, na gauni la komunyo

Mwaka 1990 Hidden Agenda, kuhusu mauaji na siri za polisi Ireland Kaskazini, ilipata Tuzo ya Majaji Cannes. Mwaka 1991 ikaja Riff-Raff, kuhusu vibarua wa ujenzi wanaogeuza hospitali iliyofungwa kuwa nyumba za matajiri. Tangu hapo hakupumzika.

Ya mwaka 1993, Raining Stones, tunaipenda kwa sababu kiini chake ni kidogo mno. Bob hana kazi, binti yake anakaribia komunyo ya kwanza, na Bob anataka gauni jipya. Padri mwenyewe anamwambia gauni la kuazima linatosha. Bob hataki. Anazibua mifereji, anaiba kondoo machungani na mwenzake, anapoteza gari lake dogo, mwisho anakopa. Deni lake linauzwa kwa mkopeshaji wa aina ile ambayo sisi hapa tunaiita kausha damu, na mtu huyo anafika nyumbani kumtisha mke na mtoto. Hatusimulii mwisho, ila padri ana sehemu yake, na si ile unayoitegemea.

Kwa wakulima tungependekeza Land and Freedom ya 1995, kuhusu vita ya Hispania iliyoanza 1936. Katikati ya vita, wanakijiji waliokombolewa wanakaa kikao: ardhi ya mwenye shamba mkubwa igawanywe kila mtu apate kipande chake, au ilimwe kwa pamoja? Kikao hicho kinachukua muda mrefu kwenye filamu, watu wanakatizana, mmoja anasema mimi nafanya kazi kuliko jirani yangu, mwingine anauliza askari walioko mstari wa mbele watakula nini. Katika filamu nyingine kipande kama hicho kingekatwa kibaki dakika moja. Loach alikiacha, na wengi wanaokitazama hujikuta wanachagua upande.

Anafanyaje kazi?

Swali hili liliulizwa na wasikilizaji wetu kadhaa walio kwenye vikundi vya maigizo, na jibu lake lina faida.

Kwanza, hupiga picha kwa mfuatano wa hadithi. Filamu nyingi hurekodi vipande vya mahali pamoja kwa siku moja, hata kama kimoja ni cha mwanzo na kingine cha mwisho, kwa sababu ni nafuu. Loach huanza mwanzo na kumaliza mwisho, ili mwigizaji ayapitie mambo kama mtu anavyoyapitia maishani.

Pili, hawapi waigizaji hadithi nzima. Hupata kurasa chache kwa wakati, na mengine hawaambiwi kabisa. Katika Looking for Eric ya 2009, mhusika mkuu ni tarishi wa Manchester aliyevunjika moyo, anayezungumza na picha ya mchezaji Eric Cantona iliyoko ukutani kwake, hadi siku moja Cantona mwenyewe anamtokea chumbani. Mwigizaji, Steve Evets, hakuambiwa kwamba Cantona wa kweli yumo kwenye filamu. Walimwingiza kwa kificho. Evets aligeuka, akamwona, na mshangao uliomo kwenye filamu ni wa mtu aliyeshangaa kweli.

Tatu, huchagua watu wanaoyajua maisha wanayoyaigiza. Martin Compston, kijana wa Sweet Sixteen ya 2002, alikuwa mchezaji mpira wa Scotland ambaye hakuwahi kuigiza filamu. Huwapenda pia wachekeshaji wa kumbi za mitaani, kwa imani kwamba mtu anayeweza kuwachekesha watu wa mtaa fulani lazima anawajua. Kamera yake hukaa mbali, mara nyingi upande wa pembeni wa chumba, ili mwigizaji aisahau, na mwanga wa dirishani hutumika kuliko taa.

Haya yote hayawezekani bila mwandishi. Watu humtaja Loach peke yake, yeye hukataa. Barry Hines aliandika kitabu kilichozaa Kes na pia The Price of Coal. Jim Allen, aliyewahi kuwa mchimba makaa na kibarua wa ujenzi, aliandika Days of Hope, Raining Stones na Land and Freedom. Tangu 1996 mwandishi wake ni Paul Laverty, wakili wa Scotland aliyefanya kazi ya haki za binadamu Nicaragua miaka ya 1980 na akamwandikia barua Loach kuhusu aliyoyaona huko. Barua ile ikazaa Carla's Song.

Laverty ndiye aliyeandika pia The Wind That Shakes the Barley, iliyompa Loach Palme d'Or ya kwanza mwaka 2006. Ni hadithi ya ndugu wawili wa Ireland waliopigana bega kwa bega dhidi ya jeshi la Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1920, kisha mkataba wa amani ukawagawa. Magazeti kadhaa ya Uingereza yalimshambulia Loach kwa kuitukana nchi yake.

Daniel Blake na fomu za mtandaoni

Mwaka 2014 ilidhaniwa amestaafu. Mwaka 2016, akikaribia miaka 80, alirudi na I, Daniel Blake na kushinda Palme d'Or ya pili.

Daniel ni seremala wa Newcastle, mjane, mwenye miaka 59. Moyo ulimsimama kazini na daktari amemkataza kufanya kazi. Mpimaji wa serikali, kwa maswali ya simu na karatasi ya alama, anasema anaweza. Posho ya ugonjwa inakatwa. Akitaka posho ya asiye na kazi lazima athibitishe anatafuta kazi, kazi ambayo hata akipewa hawezi kuikubali. Na fomu zote ziko kwenye kompyuta. Daniel anaweza kujenga nyumba, ila hajawahi kushika kompyuta. Anaambiwa asogeze kile kidude cha kuongozea juu ya skrini, anakiinua na kukiweka kwenye kioo. Ukumbi unacheka. Msikilizaji wetu aliyeambiwa na ofisi fulani kwamba huduma sasa ni kwa mtandao tu, naye ana simu ya tochi, huenda asicheke sana.

Kipande kinachokumbukwa kuliko vyote ni cha Katie, mama wa watoto wawili aliyehamishwa kutoka London. Anapelekwa kwenye ghala la chakula cha msaada. Amekuwa akiwaachia watoto chakula chake. Katikati ya kuchagua vitu anafungua kopo na kula kwa mkono, pale pale, kisha anaona aibu. Ghala hilo ni la kweli na wahudumu wengi unaowaona ni wahudumu wa kweli. Mwishoni mwa filamu kuna shukrani kwa wafanyakazi wa wizara waliotoa taarifa bila kutajwa majina.

Filamu ilifika bungeni, kiongozi wa upinzani Jeremy Corbyn akimtaka Waziri Mkuu Theresa May aitazame. Iain Duncan Smith, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya posho hizo, alijibu kwamba imechukua mabaya yote ikayaweka kwa mtu mmoja na kuwaonea watumishi wa ofisi zile.

Baada yake ikaja Sorry We Missed You ya 2019. Ricky anauza gari la mkewe, muuguzi wa majumbani, apate kianzio cha gari la kusambaza vifurushi. Anaambiwa hajaajiriwa, yeye ni bosi wa nafsi yake. Kisha kimashine cha mkononi kinampangia kila dakika, akichelewa anatozwa, akiumwa anatafuta wa kumshikia zamu kwa gharama yake. Vijana wa bodaboda wanaopeleka hesabu kila jioni wataielewa bila tafsiri.

Ugomvi wake na wengine

Wanaompinga Loach wanasema filamu zake ni za upande mmoja: maskini ni wema, ofisa ni mbaya. Sisi tunaona lawama hiyo ina ukweli kidogo. Maofisa wa I, Daniel Blake wangestahili mmoja zaidi mwenye huruma, hata kama yupo mmoja. Lakini katika filamu zake nzuri anayemwonea maskini mara nyingi ni maskini mwenzake. Jud wa Kes ni mchimba makaa. Msimamizi wa Ricky ana malengo ya kutimiza.

Katika siasa hajawahi kukaa kimya. Mwaka 2012 alikataa tuzo ya tamasha la filamu la Turin, Italia, kwa sababu ya jinsi wafanya usafi wa taasisi husika, walioajiriwa kupitia kampuni ya nje, walivyotendewa. Mwaka 2021 chama cha Labour kilimfukuza. Yeye alisema ni kwa sababu alikataa kuwakana wanachama wengine waliofukuzwa kabla yake. Msimamo wake kuhusu Israeli na Palestina umemletea marafiki na maadui wengi, na vyama vya Wayahudi wa Uingereza vimemlaumu vikali zaidi ya mara moja.

Bado anatengeneza filamu?

The Old Oak ya 2023 amesema ndiyo ya mwisho. Aliimaliza akiwa na miaka 86. Basi linashusha familia za wakimbizi wa Syria katika kijiji cha zamani cha makaa kaskazini mashariki mwa Uingereza. Mgodi ulishafungwa, nyumba zimeshuka bei, na wenyeji wanauliza kwa nini wageni waletwe kwao na si kwa matajiri. Mwenye baa, ambaye aliigizwa na mtu aliyekuwa zimamoto, anafungua chumba cha nyuma kilichofungwa miaka mingi, na watu wanaanza kula pamoja kama walivyofanya wakati wa mgomo wa 1984.

Kwa anayetaka kuanza, tahadhari chache. Filamu hizi hazina milio ya risasi kila dakika wala hazijaingizwa sauti ya Kiswahili, kwa hiyo kwenye kibanda umiza usitegemee kuzikuta. Kiingereza chake ni kizito. Tafuta yenye maandishi chini, hata wasambazaji wa Marekani waliyaweka kwenye Riff-Raff. Nyingi zina matusi. Sweet Sixteen, kuhusu kijana wa miaka 15 anayekaribia kutimiza 16, ilizuiwa Uingereza kwa walio chini ya miaka 18 kwa sababu ya lugha yake, na Loach alilalamika kwamba watoto wanaozungumza hivyo kila siku ndio waliokatazwa kujisikia. Ukiwa na familia sebuleni, anza na Kes. Ukiwa na mshabiki wa Manchester United, anza na Looking for Eric, lakini mwambie mapema kwamba Loach mwenyewe ni shabiki wa Bath City, timu ndogo ya mji anakoishi, na kwamba ameisaidia kubaki mikononi mwa mashabiki wake.